Uso wa Nabintu

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Madame Cécile aliomba aletewe malkia wake.

Mignonne alikuwa ameshazoea. Alimwosha bibi huyo uso, akamvalisha sketi na sweta, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, ndipo akafungua kisanduku kidogo cha mbao na kumtilia mkononi bizimu la kubania nguo kifuani. Lilikuwa jiwe la akiki lenye umbo la yai, limezungushiwa ukingo mwembamba wa dhahabu. Upande wa chini jiwe lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Juu lilikuwa jeupe, na katika weupe huo fundi wa zamani alikuwa amechonga uso wa mwanamke anayetazama upande, nywele zimesukwa na kuzungushwa sikioni. Kwa Kifaransa pambo kama hilo huitwa camée.

Madame Cécile hakuwa akiona tena. Alimtazama malkia kwa kidole gumba, akianza na paji la uso, kisha pua, midomo na shingo. Halafu alitoa habari za siku hiyo.

"Leo amelala vizuri," angesema. Au, "Leo ana kiburi, usimsogelee."

Mignonne, akikoroga kahawa, alicheka kila mara. Alikuwa mzaliwa wa Bukavu, amefika Ubelgiji akiwa msichana wa shule, na sasa kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Wazee wengine walimwita "wewe." Huyu wa mtaa wa Laeken, Brussels, alimwita kwa jina, na alikuwa wa kwanza kuambiwa kwamba Héritier, dereva wa tramu mwenye kicheko kikubwa, amekuja kujitambulisha kwa familia na kwamba harusi itakuwa Agosti.

Ilikuwa masika ya mwaka 2012. Madame Cécile alipoisikia habari hiyo aliligeuza lile jiwe mkononi.

"Utamvaa malkia siku hiyo," alisema. "Bibi wa bibi yangu alimvaa alipoolewa, na wote waliofuata. Mimi sikupata binti. Ni mrembo, na hajatoka nje siku nyingi. Mpeleke akacheze."

Mignonne aliinama. Alimshika bibi mkono akaubusu. Kisha akaona kwamba pini ya nyuma imelegea na kishikio chake kimepinda, na akasema anamfahamu fundi mmoja karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur anayeweza kuitengeneza vizuri.

Fundi huyo aliitwa Jean-Marie Kazadi. Kibanda chake kilikuwa ndani ya galerie ya Matonge, safu ya maduka chini ya paa moja katika mtaa wa Wakongo, kimebanwa kati ya saluni ya kusuka na duka la vitenge, hivi kwamba ukikaa pale ulisikia magomvi ya upande mmoja na miziki ya upande mwingine. Alitengeneza saa na mikufu, na alikuwa mtu wa Lubumbashi, mzee mwembamba mwenye lenzi ya kukuzia iliyomwacha na alama ya duara chini ya jicho la kulia.

Alilipokea lile bizimu, akaweka lenzi jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko pini ilivyohitaji.

"Ah," alisema. "Muntu alichonga iyi alikuwa na mukono. Angalia, mutoto. Jiwe ni moja tu. Alitoa nyeupe polepole mpaka ya chini ikatokea. Apa ku shavu aliacha nyembamba kabisa, njo maana unaona kama damu inapita."

"Papa anajua mambo ya mawe?"

"Kule kwetu nilikuwa nachonga malachite, ile jiwe ya kijani. Miaka mingi. Tembo, sahani za majivu ya sigara, bintu bya kuuzishia batalii." Akacheka. "Tembo, nilichonga mingi kuliko ile iko mu pori."

Alinyoosha kishikio, akakaza pini, akalifuta jiwe kwa kitambaa laini. Kabla ya kulirudisha aligeuza nyuma na kusoma maandishi madogo yaliyochorwa kwenye dhahabu. Akaondoa lenzi.

"Unajua huyu mama ni nani?"

"Malkia. Madame anasema malkia wa kwanza wa hapa."

"Louise-Marie. Bon. Alikufa kijana, 1850, bantu bakamulilia sana. Ile kanisa kubwa ya Laeken njo yake, bamemujengea juu ya kumukumbuka." Alisita. "Na mutoto wake, unamujua?"

"Hapana, papa."

"Léopold ya pili. Ule wetu."

Mignonne aliutazama ule uso mweupe. Haukuwa umebadilika. Shingo ilikuwa ileile nyembamba, mdomo uleule ulioonekana kama unataka kuomba radhi kwa jambo fulani. Lakini alilifunga jiwe ndani ya leso haraka, na ndani ya metro alilishikilia kwenye mfuko wa koti kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani bila kujua kama ataanza kulia.

Siku mbili hakulitaja jambo hilo. Siku iliyofuata, Madame Cécile mwenyewe alimuuliza.

"Umekuwa mkimya tangu malkia alipotoka kwa fundi. Amekuudhi?"

Mignonne aliketi kwenye kigoda kando yake, akamweleza. Hakusema kwa ukali. Alisema tu alichoambiwa, na kwamba kwao hata watoto wadogo wanazijua hadithi za mpira na za mikono iliyokatwa enzi za Léopold.

Bibi alisikiliza, kidole gumba kimetulia juu ya jiwe.

"Nilimjua mama kama malkia aliyekufa mapema," alisema mwishowe. "Na mwanawe nilimsoma katika kitabu kingine. Umri wote huu sikuwahi kuwakalisha meza moja. Ni ajabu, eh? Mtu anaweza kufika uzee huu bila kufanya jambo dogo kama hilo."

"Sina ubaya naye, Madame. Alikufa mwanawe bado kijana, hajafanya lolote. Lakini siwezi kusimama kanisani naye kifuani. Mama yangu mdogo akiniona hivyo..."

"Huna haja ya kujieleza, mtoto wangu." Akampapasa mpaka akaupata mkono wake. "Kama ungechagua mwenyewe, ungependa kumvaa nani?"

Mignonne alijibu kabla hajafikiri.

"Mama yangu."

"Basi nilete picha yake nimwone." Bibi akacheka kwa neno lake mwenyewe. "Unielezee, namaanisha."

"Hakuna picha, Madame."

Akamsimulia, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi. Mama yake aliitwa Nabintu. Vita vilipoingia Bukavu mwaka 1996 walikimbia pamoja na mama mdogo, Viviane, kwa miguu, kupitia barabara ya Shabunda. Mama alishikwa na homa njiani akafia huko. Nyumba yao ya mtaa wa Kadutu iliporwa na kuchomwa, na albamu ya picha ikaenda na moshi. Mignonne alikuwa na miaka tisa. Mama mdogo Viviane ndiye aliyemlea, akamvusha mipaka yote mpaka Brussels, na tangu siku ile hakuwahi kumzungumzia dada yake. Ukimuuliza alisema, "Tuache ile maneno," akainuka akatafuta kitu cha kufua.

Madame Cécile aliligeuza jiwe, kisha akasema, "Yule fundi wako. Si umesema kwao alichonga mawe?"

Kazadi alipoombwa alikataa. Alitikisa kichwa huku akijifanya anatafuta bisibisi.

"Mutoto, mimi nilichonga tembo. Tembo hana mutoto wa kuja kusema iyi haiko mama."

Lakini jioni ileile, Mignonne akiwa bado amesimama pale, alivuta droo ya chini kabisa akatoa kipande cha malachite alichokuja nacho kutoka Lubumbashi na ambacho hakuwahi kukigusa. Kilikuwa na mistari ya kijani, tabaka la kijani hafifu limelalia juu ya kijani nzito, karibu nyeusi. Akakilowesha maji ili rangi itoke. Wote wawili wakakitazama.

"Bon," alisema, akimvutia kigoda. "Ikala. Nielezee."

Hapo ndipo Mignonne alipogundua alivyo maskini.

"Alikuwa muzuri," alianza.

"Kila mama ni muzuri. Pua iko aje?"

Hakujua. Alijua harufu ya sabuni ya mawese. Alijua mkono uliomshika shingoni nyuma wakivuka barabara, mkono mkavu wenye joto. Alijua sauti ya kandambili mlangoni. Lakini alipojaribu kuugeuza ule uso umtazame, ulikwepa. Alifunga macho, akajaribu tena.

"Namuona kutoka chini," alisema kwa mshangao. "Papa, nilikuwa mudogo. Namuona kidevu. Na apa, chini ya kidevu, na shingo wakati anacheka."

"Basi tutaanza na kidevu," alisema Kazadi.

Ikawa desturi. Mignonne akitoka kazini Laeken alipanda metro mpaka Porte de Namur, akaketi kwenye kigoda, na mzee akavaa barakoa, akawasha kile kimashine chake kinacholia kama cha daktari wa meno, maji yakidondoka juu ya jiwe ili vumbi lisiruke. Kidevu kilitokea, kisha shingo. Mignonne aliona ni vyenyewe. Kutoka hapo Kazadi aliendelea kwa kubahatisha, akiuliza, "Midomo nene ao nyembamba?" na Mignonne akijibu, "Nafikiri nene," na baada ya muda hakuuliza tena, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umepata njia na kimashine kilikwenda bila kusitasita.

Jioni moja alizima, akalifuta jiwe, akaliweka juu ya kitambaa cheusi.

Alikuwa mwanamke kamili. Paji pana, jicho lililofumba nusu kama linalopima bei ya kitu, mdomo ulioinuka pembeni. Alikuwa hai kiasi kwamba Mignonne alishika kifua. Akamtazama na kumtazama. Hakumtambua. Lakini alijiambia, nani atajua? Hakuna wa kupinga. Baada ya mwaka mmoja, miwili, angeanza kuukumbuka uso huu akiwa amefumba macho, na hatimaye angekuwa na mama mwenye pua na jicho kama watu wote. Alikuwa anafungua mdomo kusema ndiye, njo yeye, alipoona kwamba Kazadi amevua lenzi na anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nilikosa, mutoto," alisema mzee. "Huyu anaitwa Mujinga. Bibi yangu, ule nilioa."

Kwenye saluni ya jirani mtu alikuwa anacheka. Kazadi alisubiri kicheko kiishe.

"Alifia kule Lubumbashi, mi niko huku. Sikumuzika. Nilikuwa naona mukono inaenda vizuri, nikasema, enfin, Mungu anasaidia. Kumbe inaenda ku nyumba."

Mignonne aliliinua lile jiwe, akalizungusha kwenye mwanga wa taa.

"Alikuwa anaangalia hivi kweli? Na ile jicho?"

"Kila siku! Kama nimenunua samaki mubaya." Akacheka.

Mignonne alilifunga jiwe ndani ya kitambaa, akakikunja vizuri, akamwekea mzee mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Baki nayo, papa. Huyu alikuwa anakutafuta wewe."

Kazadi alikitia kitambaa katika mfuko wa shati. Kisha alisema kwamba kipande kilichobaki cha lile jiwe kingetosha, lakini hawezi kuanza tena kwa kidevu peke yake. Anahitaji mtu mzima aliyemwona Nabintu ana kwa ana. "Mama yako mudogo," alisema. "Njo yeye tu."

Viviane alikaa mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate la Mturuki. Alifanya usafi maofisini alfajiri na kusaidia jikoni katika shule mchana, na nyumba yake iling'aa kama haijakaliwa. Mignonne alimkuta anakunja mashuka. Akashika ncha mbili za shuka, kama walivyozoea kufanya tangu utotoni, na walipokutana katikati akamwambia.

Viviane aliichukua shuka mikononi mwake.

"Ulienda kumuambia muntu wa Lubumbashi achonge dada yangu?"

"Nilitaka kumuvaa siku ya ndoa, mama mudogo. Sina kintu yake ata moja."

"Ule muntu alikufa. Nilimuzika na iyi mikono. Sasa unataka nimufukue?"

"Nataka tu unambie pua yake ilikuwa aje."

"Tuache ile maneno, Mignonne."

"Nimeyaacha miaka kumi na sita!"

Hawakuwahi kupandishiana sauti. Mignonne alichukua mkoba wake akashuka ngazi, na alipofika barabarani alikumbuka kwamba hata hakumuaga. Usiku huo Héritier alimpikia chai na hakumuuliza chochote, jambo ambalo lilikuwa sahihi.

Wiki ilipita. Hakuenda kwa fundi. Hakuwa na cha kumpelekea. Madame Cécile alimwuliza mara moja tu, akasikia jibu, akasema, "Kuna watu ambao huzuni yao imefungwa kama saa ya kengele, ukiigusa inalia yote," kisha akajishtukia, akaomba msamaha kwa kumfananisha mama mdogo wa watu na saa, na ikabidi wacheke wote wawili mpaka kahawa ikapoa.

Jumamosi Mignonne alipita Matonge kununua vitambaa vya wasimamizi wa harusi. Akakata kona ya galerie, na kupitia kioo cha kibanda akaona mgongo wa koti analolijua. Viviane alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, mkoba juu ya magoti, koti limefungwa vifungo vyote kama mtu anayeondoka sasa hivi. Kazadi alikuwa amemwinamia na karatasi na kalamu ya risasi.

Mignonne aliusukuma mlango polepole.

"Hapana!" Viviane alikuwa anasema. "Ulimupa pua ya Baluba, bantu benu. Sisi Bashi ba Bukavu hatuna ile pua. Punguza apa. Apa! Eh, papa, uko unasikia kweli?"

"Nasikia, maman, nasikia."

"Nilikuja kukukataza tu," Viviane aliendelea, bado hajamwona mpwa wake. "Nilisema niingie, nimuambie huyu papa aache, nirudi kwangu. Alors ananionyesha ile kidevu amechora. Ile kidevu ni yake. Nani alikupa ile kidevu?"

"Ni mimi, mama mudogo," alisema Mignonne.

Viviane aligeuka. Alimtazama mpwa wake, kisha haraka akaiangalia karatasi.

"Ulikumbuka vizuri," alisema. "Sasa sikio. Papa, ku sikio ya kushoto, apa chini, weka kama kipande kimetoka. Kidogo."

"Ajali?" aliuliza Kazadi.

"Haikuwa ajali. Nilimuluma na meno."

Kazadi akaishusha kalamu. Kisha Mignonne akacheka, hakuweza kujizuia, na Viviane naye akaanza kutikisika mabega.

"Alikula muhogo yangu! Nilikuwa na miaka mitano. Akanambia, mudogo hakuli kipande ya mwisho. Nikamurukia." Alikuwa anacheka na machozi yanatiririka bila yeye kuyafuta, kana kwamba si yake. "Mpaka anaolewa alikuwa anaficha ile sikio na kitambaa. Kila akinikasirikia ananionyesha. Ananionyesha tu, hasemi kitu. Ndiyo silaha yake."

Mignonne alipiga magoti kwenye sakafu ya kibanda, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake mdogo, juu ya mkoba. Viviane alimshika shingoni, nyuma.

"Nilikuwa nafikiri ulimusahau," alisema Mignonne.

"Nimusahau?" Sauti ya Viviane ilishuka. "Sikiliza. Kule njiani, siku ile, alichukua mukono yako akaniwekea mu yangu. Akanambia, Viviane, usilie mbele ya mutoto. Akiona unalia atakufa na woga. Donc sikulia. Tulikuwa tunatembea, sikulia. Ku camp, sikulia. Nilifunga kinywa vile alisema. Kisha tukafika huku, ukakuwa mukubwa, na sikujua tena namna ya kufungua. Hakunambia mpaka lini."

Kazadi alikuwa ameinuka kimyakimya. Alitoka nje, akageuza kibao cha mlangoni, akasimama kwenye baridi ya galerie akiongea na wasusi kana kwamba ana shida ya kujua bei ya rasta.

Ndani ya kibanda Viviane alizungumza mpaka sauti ikakauka. Alisema jinsi Nabintu alivyouza nyanya soko la Kadutu na kuzipanga kwa rangi. Alisema alikuwa mwoga wa radi. Alisema siku Mignonne alipozaliwa mama yake alimtazama na kusema, "Huyu ana haraka ya nini?" Mignonne hakuuliza chochote. Alisikiliza tu, na taratibu, kutoka kile kidevu alichokuwa nacho, uso ulianza kupanda juu, mdomo, pua fupi, jicho, mpaka ukamtazama.

Kazi ilichukua mpaka mwishoni mwa Julai, kwa sababu sasa Kazadi alikuwa na wasimamizi wawili. Viviane alikuja kila Jumamosi, akiwa bado na koti wiki za mwanzo, halafu bila koti. Aligombana naye juu ya nyusi. Aligombana naye juu ya namna kilemba kinavyofungwa Bukavu, mpaka mzee akaleta kitambaa cha kweli akafungwa yeye mwenyewe kichwani ili aone mikunjo inavyolala, na wasusi wote wakaja kuchungulia. Katika kijani hafifu Kazadi alimtoa Nabintu, na nyuma yake akaacha ile kijani nzito. Shavuni aliliacha jiwe jembamba kadiri alivyothubutu.

Alilikabidhi likiwa limetiwa pini nyuma. Viviane alilichukua akalisogeza karibu na macho, akalitenga, akalisogeza tena. Kisha akasema kwa Kishi, lugha ya Bashi, neno moja ambalo watu wa kwao humwambia mtu aliyechelewa kufika nyumbani.

Kabla ya harusi Mignonne alimpelekea Madame Cécile. Bibi alikuwa amemvaa malkia wake kifuani siku hiyo, na akaomba avuliwe kwanza, ili mgeni apokewe peke yake. Kidole gumba kikaanza safari yake polepole, kwani njia hii ilikuwa mpya. Kilipita kwenye mikunjo ya kilemba, kikashuka puani, kikasimama sikioni.

"Hapa kuna kasoro," alisema.

"Hapo aling'atwa na mama yangu mdogo."

"Vizuri," alisema bibi, akarudi kugusa palepale. "Vizuri sana. Malkia wangu hakuna aliyewahi kumng'ata. Maskini, labda ndiyo sababu hasemi mengi." Akaendelea mpaka kwenye kidevu. Halafu akanyoosha mkono mwingine, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa Mignonne, na kidole gumba cha pili kikapita kidevuni mwake. Alikaa hivyo, mkono mmoja kwa mama na mmoja kwa binti, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Eh," alisema. "Karibu nyumbani kwangu, Madame Nabintu."

Mignonne aliolewa Agosti, kukiwa na jua na upepo. Vazi lake lilikuwa la rangi ya maziwa, na juu ya titi la kushoto lile jiwe la kijani. Wageni wengi waliulizana ni pambo la duka gani, na Viviane, aliyevaa kitenge cha zambarau na kilemba kirefu kuliko vyote, alikwenda meza kwa meza akiwaeleza, akianzia na muhogo. Madame Cécile aliletwa kwa kiti cha magurudumu akakaa na wazee, kando ya Kazadi, aliyekuwa na kitu kidogo katika mfuko wa shati, upande wa moyo, na ambaye baada ya glasi mbili za bia alikitoa akampa bibi huyo akiguse naye.

Walipohamia nyumba yao, Mignonne na Héritier, jiwe liliwekwa kwenye kabati ya sebuleni. Lakini kila Viviane alipokuja kuwatembelea, macho yake yalikuwa zaidi kwenye kabati kuliko kwenye chakula, na alipoondoka alisimama mlangoni mara mbili. Mignonne aliliona hilo. Yeye uso alikuwa nao sasa. Akifumba macho tu, ulikuja, na wala haukukwepa tena. Jumapili moja alimsindikiza mama yake mdogo mpaka kituo cha basi, akamtilia kitambaa kilichokunjwa ndani ya mkoba, akamwambia asifungue mpaka afike.

Novemba alikwenda Saint-Josse bila kupiga simu, na mikate moto ya Mturuki wa chini. Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu alisikia sauti ya Viviane kupitia mlango, kubwa, yenye hasira tamu.

"Hapana, yaya Nabintu, sombe haipikwi vile! Kwa majani ya muhogo unaweka mafuta mwisho. Mwisho! Kila siku unaharakisha, kisha unasema ni chungu..."

Hakukuwa na sauti nyingine humo ndani. Viviane alinyamaza kidogo, kama mtu anayejibiwa, halafu akapiga kicheko.

Mignonne aliurudisha mkono uliokuwa umeinuka kubonyeza kengele. Akaketi kwenye ngazi, akauweka mfuko wa mikate juu ya magoti ili usipoe, akawaacha wamalize.